Ardhi Isiyowekwa Dhamana: Kutoka Browning hadi Dourados

Jumapili, Great Falls hadi Browning

Barabara namba 89 inatoka Great Falls kuelekea kaskazini-magharibi, kilomita 200 hivi, na sehemu kubwa ya njia ni mashamba ya ngano iliyokwisha vunwa na upepo usiotulia. Milima ya Rocky unaiona mapema, saa nzima kabla hujaikaribia.

Nimekuja na swali la kazi yangu. Nimetumikia vyama vya akiba na mikopo vijijini Dodoma na Singida kwa miaka mingi, na nikifika penye umaskini huanza na hilo: watu hapa wakitaka kukopa, wanaweka dhamana gani? Safari hii nauliza mahali pawili. Kwanza katika rizavu (eneo lililotengewa wenyeji) ya taifa la Blackfeet, hapa Montana nchini Marekani, mpakani na Kanada. Kisha katika rizavu ya Waguarani-Kaiowá ya Dourados, jimbo la Mato Grosso do Sul nchini Brazili, karibu na mpaka wa Paraguay. Wote ni wenyeji wa asili wa Amerika, wote walibanwa kwenye vipande vya ardhi vilivyobaki baada ya wageni kuchukua vilivyo bora, na wote hutajwa katika taarifa za nchi zao kwa mambo yaleyale: ukosefu wa ajira, kisukari, vijana kujitoa uhai. Nimechoka kusoma kwamba "wenyeji ni maskini" kana kwamba umaskini wao una sura moja. Nataka kuzilinganisha sura zake.

Tumeingia Browning jioni. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alinitahadharisha nishike mlango wa gari kwa mikono miwili kabla ya kuufungua, la sivyo upepo utaung'oa. Huu ndio mji ambao Januari 1916 joto lilishuka kutoka nyuzi 7 hadi 49 chini ya sifuri ndani ya siku moja. Nyumba ni za mbao, nyingi zimejengwa kwa mipango ya serikali, na si ajabu familia mbili au tatu kuishi chini ya paa moja.

Jumatatu, Browning

Asubuhi nzima nimekuwa mjini kwa miguu. Ukitaka kujua uchumi wa Browning, angalia magari yameegeshwa wapi: ofisi za Baraza la Blackfeet, hospitali inayoendeshwa na serikali kuu, shule, chuo, kasino. Mishahara inatoka huko. Biashara za watu binafsi ni chache mno kwa makao makuu ya taifa lenye wanachama zaidi ya 17,000, ambao kama 10,000 hivi wanaishi humu rizavuni.

Na ardhi ipo. Ipo kwa wingi ambao mimi sikuutegemea: ekari milioni 1.5, yaani kilomita za mraba 6,000 hivi, nyasi hadi macho yachoke. Mtu wa Singida akiona malisho haya atadhani wenyewe ni matajiri. Basi nikauliza swali langu kwa mzee mmoja mfugaji niliyemkuta akisubiri katika ofisi ya ardhi. Akacheka kidogo, akanieleza kwa nusu saa.

Sheria ya mwaka 1887 iliamua kwamba ardhi za wenyeji zigawanywe vipande kwa mtu mmoja mmoja. Kwa Blackfeet ugawaji uliamriwa mwaka 1907: kila mmoja ekari 320, 40 za kumwagilia na 280 za malisho. Baadhi ya vipande viliuzwa au vikaporwa kwa madeni na kodi, ndiyo maana leo sehemu kubwa ndani ya rizavu ni ya watu wasio wa Blackfeet. Vilivyosalia viliwekwa chini ya udhamini wa serikali kuu. Mwenye kipande akifa, kipande hakikatwi, wanarithi wote kwa pamoja. Wakifa hao, wanarithi watoto wao wote. Mzee huyu ana sehemu katika shamba la babu yake pamoja na warithi zaidi ya mia moja, wengine wako Seattle, wengine hawajulikani walipo. Kulikodisha shamba kunahitaji idhini ya wengi na mhuri wa serikali. Kuliweka dhamana benki karibu haiwezekani, kwa sababu benki haiwezi kulichukua mkopo usipolipwa.

Kwetu Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, kwa hiyo wazo la serikali kushika ardhi kwa niaba ya watu si geni kwangu. Kilichonishtua hapa ni hesabu. Kwa zaidi ya karne moja serikali ilikodisha mashamba haya kwa wafugaji, wachimba mafuta na wakata mbao, fedha ikaingia katika akaunti zilizoshikwa Washington kwa majina ya wenyewe, na wenyewe hawakupewa taarifa ya maana ya kilichoingia wala kilichotoka. Bibi anapokea hundi ya dola nane. Ya nini? Kwa ekari ngapi? Hakuna wa kumjibu.

Aliyekataa kunyamaza ni Elouise Cobell, binti wa rizavu hii, aliyezaliwa mwaka 1945 katika nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba. Alikuwa mhasibu, akawa mweka hazina wa Blackfeet, na alipotaka maelezo ya akaunti akaambiwa hajui kusoma vitabu vya hesabu. Benki pekee ya Browning ilipofunga milango, yeye na wenzake wakaanzisha Benki ya Taifa ya Blackfeet mwaka 1987, benki ya kwanza kumilikiwa na kabila ndani ya rizavu. Mwaka 1996 akaishtaki serikali ya Marekani kwa niaba ya wenye akaunti wote nchini, zaidi ya watu 300,000. Mwaka 1999 jaji alimtia hatiani Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo kwa kudharau mahakama, kwa kuwa nyaraka hazikuletwa. Kesi iliisha kwa makubaliano mwezi Desemba 2009: dola bilioni 3.4, ambazo bilioni 1.9 kati yake ni za kununua vile vipande vilivyosambaratika na kuvirudisha kwa makabila. Cobell alifariki kwa saratani Oktoba 2011, kabla malipo ya kwanza hayajatoka. Wengi walianza kwa kupata dola 1,000. Mzee wangu alinunulia matairi na nyasi kavu za ng'ombe.

Mimi niliyezoea kuwafundisha akina mama kutunza daftari la kikundi, habari ya mwanamke huyu imenikaa moyoni kuliko milima yote niliyoiona.

Jumanne, Badger Creek

Kusini mwa Browning, karibu na mahali palipokuwa ofisi ya zamani ya serikali, kuna mgongo wa kilima wanaouita Ghost Ridge. Hapo walizikwa waliokufa kwa njaa katika majira ya baridi ya 1883 na 1884. Baisani, wale nyati wenye nundu waliokuwa chakula, nguo na nyumba ya watu hawa, walikuwa wamemalizwa kwa kuwindwa. Mgao wa chakula wa serikali haukutosha. Walikufa mamia, makadirio yanafika 600, kiasi cha robo ya watu wote. Miaka 14 tu kabla ya hapo, tarehe 23 Januari 1870, wanajeshi wa Meja Eugene Baker walikuwa wameivamia kambi ya chifu Heavy Runner kando ya mto Marias, wakaua watu kama 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Tulisimama pale bila kusema mengi. Mwenyeji wangu alihesabu vizazi kwa vidole: bibi wa bibi yake alikuwa mtoto majira yale. Ukifahamu hivyo, lile neno la kwenye ripoti, "utegemezi wa mgao wa chakula", linageuka sura. Mgao ulianza kwa sababu chakula chenyewe kiliondolewa.

Jumatano, East Glacier na Chief Mountain

Mwaka 1895 Blackfeet, wakiwa bado wanatoka kwenye njaa ile, walikubali kuiachia serikali ukanda wa milima kwa dola milioni 1.5. Mwaka 1910 sehemu ya ukanda huo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Glacier. Leo hifadhi inapokea watalii milioni 3 hivi kwa mwaka, na geti za mashariki ziko mlangoni kwa Blackfeet. Hoteli kubwa zimejaa majira ya joto. Vijana wa Browning hupata kazi za kutandika vitanda na kuongoza farasi hadi Septemba, kisha baridi inafunga kila kitu. Wengine huenda kuzima moto wa misituni: kikosi cha Chief Mountain Hotshots ni cha Blackfeet na kinaitwa nchi nzima. Kazi ya moto ina malipo mazuri na ina heshima, ila ni ya msimu na mkeo anabaki akitazama taarifa ya habari.

Mchana tumekwenda upande wa Chief Mountain, mlima unaosimama peke yake mpakani. Mwaka 2016 ndama wa baisani zaidi ya 80 waliletwa kutoka Elk Island, Kanada. Ukoo wao ulianzia kwa ndama wachache waliookolewa katika nchi hii ya Blackfeet miaka ya 1870. Mwezi Juni 2023 kundi likaachiliwa huru karibu na mlima huu, bila uzio. Wapo wanaosema fedha ya kuwaleta ingejenga nyumba. Mimi siko upande wao. Mnyama huyu analishwa na nyasi ambazo watu tayari wanazo, na nyama yake inaingia shuleni na kwa wazee.

Alhamisi, Browning

Siku ya chuo na hospitali. Chuo cha Blackfeet kilianza mwaka 1974, mwaka mmoja kabla ya sheria ya Marekani iliyoyaruhusu makabila kuendesha yenyewe huduma zilizokuwa mikononi mwa serikali kuu. Naona matunda yake: wauguzi, walimu, wahasibu wa hapahapa. Aprili 2021 Blackfeet walikuwa na chanjo za korona nyingi kuliko mahitaji, wakazipeleka mpakani Carway na kuwachanja Wakanada wakiwa ndani ya magari yao. Watu wanalisimulia jambo hilo kwa fahari na wana haki.

Pigo lipo pia. Mwaka 2022 Baraza lilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya vifo vya fentanili, dawa kali ya kulevya. Na lugha imeumia: wanaoizungumza vizuri wamebaki wazee, kwa kuwa watoto wa vizazi viwili walifungiwa katika shule za bweni walikopigwa kwa kuisema.

Ijumaa na Jumamosi, njiani

Ndege, viwanja, usingizi wa kukaa. Jambo moja nimelitafakari hewani: mwaka uleule wa 1910 ambao Marekani ilitangaza Hifadhi ya Glacier, Brazili iliunda idara ya kuwalinda wenyeji, SPI, chini ya Cândido Rondon. Ndiyo idara iliyochora rizavu ninayokwenda.

Jumapili, Campo Grande hadi Dourados

Basi, kilomita 230 hivi. Udongo mwekundu, mashamba ya soya yanayosubiri mvua, maghala ya nafaka, miwa, ng'ombe weupe. Nchi hii ni tajiri waziwazi. Dourados ina maduka ya matrekta yenye vioo virefu.

Jumatatu, Jaguapiru na Bororó

Rizavu ya Dourados inaanza pale mji unapoishia, hamna hata hatua mia. Ilitengwa mwaka 1917: hekta 3,475, sawa na kilomita za mraba 35 hivi. Sensa ya 2022 ilikuta humo watu zaidi ya 13,000, Wakaiowá, Waguarani wenzao na Waterena, katika vijiji viwili vya Jaguapiru na Bororó. Weka hesabu hiyo kando ya ile ya Browning. Kule kuna watu chini ya wawili kwa kila kilomita ya mraba. Huku ni zaidi ya 370, na wote walikuwa watu wa kulima, kuvua na kuhama na rutuba.

Tangu miaka ya 1880 kampuni ya Matte Larangeira ilishika nchi hii kwa ajili ya majani ya yerba mate, yanayonywewa kama chai, na Waguarani ndio walioyachuma. Kati ya 1915 na 1928 SPI ilichora rizavu nane ndogo, zote pamoja takriban hekta 18,000, ili familia zilizotawanyika zikusanywe humo na ardhi iliyobaki iwe "tupu" kwa wakulima. Mwaka 1943 serikali ya Getúlio Vargas ikafungua makazi ya walowezi wa Kibrazili palepale Dourados.

Nimezunguka na mama mmoja, mhudumu wa afya, kwa mkokoteni wa farasi. Nyumba za tofali zisizopigwa lipu, vibanda vya turubai na nyasi, mihogo nyuma ya nyumba, na katikati yake mashamba ya soya yaliyokodishwa kwa watu wa nje. Kukodisha ni kinyume cha sheria, lakini mwenye hekta nne bila trekta na bila mbegu anaona afadhali apate kidogo. Nikauliza swali langu: dhamana? Ardhi ni mali ya serikali kuu ya Brazili, wenyeji wana haki ya kuitumia tu. Benki haiwapi kitu. Ni jibu lilelile la Montana, ila huku hata ardhi yenyewe ya kushindwa kuikopea haipo.

Jambo lililonikera zaidi ni maji. Mabomba yapo, kisima kirefu kipo, lakini nyumba nyingi hungoja siku nzima tone lisitoke. Novemba 2024 watu walifunga barabara ya MS-156 inayopita katikati ya rizavu wakidai maji, polisi wakaja na risasi za mpira. Ng'ambo ya uzio, kiwanda cha nyama hakikosi maji. Mama huyu hubeba dawa za kuhara kwenye mkoba wake mwaka mzima.

Hata hivyo watoto waliotufuata walikuwa wakigombana, wakiimba na kuhesabu kwa Kiguarani. Watoto wadogo kabisa. Nilimwandikia mwenyeji wangu wa Browning usiku huohuo, kwa maana najua angetoa chochote asikie hivyo mtaani kwake.

Jumanne, barabara ya BR-463

Kambi ya Apyka'i ilikuwa kando ya barabara hii. Damiana Cavanha aliiongoza kwa miaka mingi, akidai ardhi walimozikwa wazee wake, katikati ya miwa. Aliwazika hapo mume na watoto waliogongwa na magari, maana uwanja wa kuishi ulikuwa ukingo wa lami. Mwaka 2016 walifukuzwa. Alifariki mwaka 2023 bila kuirudia rasmi.

Waguarani-Kaiowá hurudi wenyewe kwenye ardhi zao, familia kwa familia, wakiongozwa na wazee wa maombi wenye kayamba za vibuyu. Katiba ya 1988, ibara ya 231, inatambua ardhi za asili, na serikali ilipewa miaka mitano kuzipima zote. Mwaka 2007 ikatia saini ahadi nyingine kwa ajili ya Wakaiowá hasa. Ahadi zote mbili zimepita. Mwezi Septemba 2023 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilikataa hoja kwamba wenyeji wadai tu ardhi waliyokuwa wameikalia tarehe 5 Oktoba 1988. Desemba mwaka huohuo Bunge likaiandika hoja hiyo kuwa sheria.

Mpakani, katika wilaya ya Antônio João, ndiko Marçal de Souza, kiongozi wa Waguarani aliyehutubia mbele ya Papa Yohane Paulo wa Pili huko Manaus mwaka 1980, alikouawa, tarehe 25 Novemba 1983. Washtakiwa waliachiwa huru. Eneo la huko, Nhanderu Marangatu, lilitambuliwa na Rais mwaka 2005, mahakama ikasimamisha, na hekta 9,300 zikakaa kwenye makaratasi hadi Septemba 2024 serikali ilipokubali kuwalipa wenye mashamba waondoke. Wiki moja tu kabla ya makubaliano, kijana Mkaiowá aliuawa hapo kwa risasi ya polisi.

Sikufurahia kuzilinganisha maiti, lakini kulinganisha ndiyo kazi niliyojia. Blackfeet walipigwa hadi karibu ya kumalizwa, kisha wakabaki na eneo kubwa, baraza, mahakama na chuo, na leo ugomvi wao na serikali unapita kwenye vitabu vya hesabu. Wakaiowá wana katiba nzuri kuliko ile ya Marekani kwa wenyeji, na bado ugomvi wao unapita vifuani mwao.

Jumatano, Bororó

Msimu wa tufaa ukikaribia, mabasi huja kuchukua vijana kwenda Santa Catarina na Rio Grande do Sul. Zamani walikata miwa, siku hizi mashine inakata. Wanaobaki wanategemea Bolsa Família, ruzuku ya serikali kwa familia maskini, walau reali 600 kwa mwezi kwa familia, na kazi za viwandani kwa wenye bahati. Wapo wenye maduka wanaoshika kadi za benki za wateja hadi deni lilipwe, na deni halilipiki. Nimewahi kuona mtego huo nyumbani kwa wenye mashine za kukoboa mpunga. Tulikaa na akina mama kumi na kitu chini ya mwembe, tereré, yerba mate ya maji baridi, ikizunguka, nikawaonyesha jinsi vikundi vyetu vinavyoweka hisa na kufungua sanduku kwa funguo tatu. Waliuliza maswali makali, hasa nani anashika funguo mume wa mwenyekiti akiwa mlevi.

Alhamisi, Chuo Kikuu cha UFGD

Chuo hiki kina kozi ya walimu Waguarani na Wakaiowá, Teko Arandu, tangu 2006. Wanafunzi walinipokea kwa muziki wa Brô MC's, vijana wa Jaguapiru na Bororó walioanza mwaka 2009 kurap kwa Kiguarani na kufika jukwaa la Rock in Rio mwaka 2022.

Niliwasimulia Cobell. Nilidhani watavutiwa na zile dola bilioni, kumbe walitaka kujua alianzaje: karatasi ipi ya kwanza, aliipata wapi, nani alimsaidia kuisoma. Binti mmoja alinipinga. Alisema Cobell alikuwa na ardhi ya kuhesabia, sisi tuhesabu nini? Mwenzake akamjibu kwamba hata humu rizavuni soya inavunwa kila mwaka na hakuna anayejua inalipiwa kiasi gani, kila familia inafichwa bei ya jirani yake. Wakabishana kwa Kiguarani, mimi nikingoja. Mwisho wakachora jedwali ubaoni: jina la familia, hekta, mpangaji, malipo kwa magunia, mwaka. Mstari wa kwanza aliujaza yule binti aliyenipinga, shamba la babu yake, na safu ya malipo ikabidi aiache hadi ampigie simu. Babu alikuwa na simu karibu. Magunia saba kwa hekta. Aliyekaa nyuma akashtuka, kwao wanalipwa manne na mpangaji huyohuyo.